Chupa Kumi na Nne za Asger

Tulikuwa tumeiacha bandari ya Faaborg dakika ishirini nyuma, na kivuko kimeanza kuyumba, nilipoona kwamba chupa ya kechapu kwenye kibanda cha chai imesimama kichwa chini. Nikaigeuza, nikaimiminia soseji yangu, nikairudisha ikiwa wima. Mkono wa mtu ukapita mbele yangu na kuigeuza tena.

"Iache hivyo," alisema mwenye mkono. "Ndiyo adhabu yake."

Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, koti la mvua la manjano limepauka mabegani. Akanisogezea pakiti ya biskuti.

"Macho yako mazima? Nimesahau miwani. Hebu nisomee hapo nyuma, zimetengenezwa wapi?"

Nikasoma. Poland.

"Basi zinalika," akasema. Akaifungua na kunipa mbili.

Nimeishi Denmark miaka kumi na tisa, karibu yote mjini Aarhus, na mambo haya sikuyaona mageni. Tangu Januari, rais wa Marekani aliposhikilia tena kwamba Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, lazima iwe yake, watu wazima walikuwa wakisimama mbele ya rafu za maduka wakisoma maandishi madogo kama wanaotaka kuweka sahihi mkataba wa nyumba. Cha Marekani walikirudisha mahali pake, na wengine walikirudisha kichwa chini ili anayefuata naye ajue. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kisiwa chenyewe, Grimsholm. Nilikuwa nimekodi chumba huko kwa wiki sita nimalize kazi ya tafsiri.

"Unashukia kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa Preben Hvid."

"Pole. Anakoroma mpaka kondoo wanahama malisho." Akakung'uta makombo kifuani. "Mimi ni Bodil. Jumatano utanikuta dukani. Siku nyingine utanikuta popote, kisiwa chenyewe hiki hapa."

Duka la Grimsholm ni mali ya wakazi, na wakazi ni tisini na mmoja. Anayelipwa mshahara ni Jytte peke yake, msimamizi. Wengine wanakaa kaunta kwa zamu, bure. Preben, baharia mstaafu wa kivuko, ana Jumatatu. Bodil, aliyekuwa karani wa shule kabla shule haijafungwa, ana Jumatano, na ndiye anayeandika barua zote za kuagiza bidhaa. Sikumaliza wiki kabla Preben hajanifunga aproni kiunoni.

"Hapa hatuna wageni," alisema. "Tuna wenye zamu na wavivu."

Jumatatu hiyo nilikuwa nikipanga rafu ya vitu vya kupaka mkate. Kati ya asali na jamu ya machungwa palikuwa na pengo, upana wa chupa mbili, likiingia mpaka ukutani. Nikalijaza haradali. Preben akaja, akazitoa chupa za haradali moja moja, akazipeleka kwingine. Pengo likabaki.

"Hapo panawekwa nini?" nikamuuliza.

"Hapo hapawekwi kitu."

Aliniambia jioni, tukimenya viazi, bila kuinua macho kwenye kisu.

Bodil alikuwa na mtoto mmoja, Asger. Mwaka 2010 alipelekwa Afghanistan na jeshi la Denmark, na huko akakutana na kijana wa Kimarekani kutoka milima ya Kentucky, Lyle Tackett. Bibi yake Lyle alikuwa akimtumia jamu ya matufaha, nyeusi kama lami, iliyochemshwa kutwa nzima kwenye sufuria ya shaba. Asger aliionja, akamwandikia mama yake: *Mama, usinune, lakini nimepata jamu inayoishinda yako.* Bodil alinuna kweli, akaionyesha barua ile kisiwa kizima. Mwezi Agosti Asger aliuawa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Lyle ndiye aliyembeba hadi kwenye helikopta, na ndiye aliyesikia maneno yake ya mwisho.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Lyle alimwambia Bodil kwa simu. Bodil hakumwambia mtu. Na hakuna aliyemuuliza."

Lyle alirudi kwao akawa mtu wa kushindwa kulala na kushindwa kazi. Mwaka wa pili akaitoa ile sufuria ya bibi, akaanza kupika jamu na kuiuza sokoni kwao, na kwenye kila chupa akabandika karatasi nyeupe yenye neno moja: ASGER. Kila Novemba katoni moja ilivuka bahari kuja Grimsholm. Hakuwa akiuza nchi nyingine yoyote. Na kila tarehe kumi na nne Aprili, siku aliyozaliwa Asger, saa tisa alasiri, simu ya Bodil ililia. Walizungumza wawili hao kwa Kiingereza kibovu cha huyu na cha milimani cha yule, mpaka chai ya wageni ikapoa.

"Sasa jamu imeondolewa," nikasema.

"Imeondolewa." Akakata kiazi vipande vinne. "Mkutano uliamua."

Siku mbili baadaye nilikuwa nikitafuta sukari kabatini mwake. Nyuma ya mfuko wa unga, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni, palikuwa na chupa. Nilifunua pembe ya taulo nikaona herufi mbili, A na S.

"Sukari iko chini," Preben alisema mlangoni. "Funga kabati."

Nikafunga.

Upande wa pili wa habari nilipewa na Bodil mwenyewe, zamu yake ya Jumatano, duka tupu, mvua ikipiga kioo. Alikuwa juu ya ngazi akipangusa rafu, mimi nimemshikia ndoo.

"Lile la Greenland nililivumilia," alisema. "Ni wazimu, lakini wazimu wa mbali. Halafu Januari ile ile nikasikia redioni wamesema huko Marekani kwamba askari wa nchi nyingine, kule Afghanistan, walikaa nyuma kidogo. Nyuma ya mstari wa mbele." Akakamua kitambaa. "Nilikuwa na sahani mkononi. Sikuivunja. Niliiweka kabatini nikafunga mlango wa kabati polepole, unajua, kama vile kuna mtu amelala."

Mkutano mkuu wa duka ulikuwa Jumamosi moja ya Februari, mchana, kama kila mwaka: wimbo wa kufungulia, kahawa, keki, taarifa ya friza mbovu. Bodil akanyoosha mkono, akasema duka liondoe bidhaa zote za Marekani. Hakuna aliyempinga. Jytte peke yake aliuliza: "Zote, Bodil?"

"Nami nikasema, zote ni zote."

Akapangusa palepale mpaka mkono wangu ukachoka na ndoo.

"Ulitaka wasemeje?" nikamuuliza.

"Mtu mmoja tu aseme, isipokuwa ile ya Asger. Mmoja. Hata mjinga kama Preben. Ningesema mimi? Kwamba sheria ni ya wote ila mtoto wangu ni wa pekee?" Akacheka puani. "Nilizungusha macho chumba kizima. Kila mtu anaangalia kikombe chake."

Aliyekulia katika nchi hii hahitaji kufafanuliwa. Kuna aibu nyingi mtu anaweza kuishi nazo huku, lakini ya kuonekana unajiona zaidi ya wenzako haina dawa. Na iko dada yake, ya kuingiza mkono katika msiba wa mtu ambaye hajakukaribisha. Siku ile aibu hizo mbili zilikaa meza moja zikinywa kahawa.

"Kesho yake asubuhi nilikuja na katoni na magazeti," aliendelea. "Zilikuwa zimebaki chupa kumi na nne. Nilitaka nizifunge mwenyewe, nizipeleke nyumbani. Nikakuta rafu nyeupe. Wameshazitupa. Wamepangusa mpaka yale maduara ya vumbi."

Nilikumbuka kabati la Preben. Ulimi uliinuka, kisha nikajiambia mimi ni mpangaji wa wiki sita, si langu. Nimeishi huku muda wa kutosha kuambukizwa.

"Jioni ile nikamwandikia Lyle. Barua ya duka." Aliichomoa kwenye faili rafuni, akanipa. "Soma wewe. Miwani nimeiacha sijui wapi."

Miwani ilikuwa kwenye aproni yake, lakini nilisoma. *Halmashauri ya duka la Grimsholm imeamua kusitisha ununuzi wa bidhaa zenye asili ya Marekani. Tunashukuru kwa ushirikiano wako. Kwa niaba ya duka, B. Thuesen.*

"Hukuongeza neno lako?"

"Nilikuwa na hasira."

"Naye alisemaje?"

"Nani amezungumza naye?" Akashuka ngazi. "Geuza. Aliirudisha, jibu lake liko nyuma."

Jibu lilikuwa na maneno machache. *Nimeelewa. Asante kwa miaka yote.*

"Siku zote alianza na Bi Bodil," akasema. "Hata alipokuwa amelewa. Bi Bodil kwanza, mengine baadaye." Akaichukua karatasi, akaikunja mahali palepale ilipokuwa imekunjwa. "Tarehe kumi na nne atapiga. Asger angetimiza arobaini, atapiga tu."

Kuanzia hapo kisiwa kizima, bila kusemezana, kilikuwa kikingoja tarehe hiyo.

Ilifika siku ya Jumanne, jua kali na upepo wa kukata masikio. Saa mbili asubuhi bendera ilikuwa juu ya mlingoti wa Bodil, juu kabisa, kwa kuwa bendera ya kifo hushushwa nusu na ile haikuwa siku ya kifo. Anayeona bendera huenda bila kualikwa. Saa nane na nusu tulikuwa saba mezani: Preben kavaa koti lake zito asilotaka kulivua, Jytte, majirani watatu, mimi, na Bodil mwenyewe akizunguka na birika. Katikati ya meza palikuwa na bendera ndogo kwenye kijiti cha mbao, skonzi za moto, siagi, na simu. Kibakuli cha jamu hakikuwapo.

"Vua koti, Preben," Bodil alisema. "Unanitoa jasho."

"Nina baridi."

"Umefanya kazi baharini miaka thelathini na minane, leo una baridi kando ya jiko?" Akalishika kola. "Lete."

Akamvua kama mtoto, akaenda nalo ukumbini kulitundika. Saa ya ukutani ilikuwa na dakika nne kufika tisa. Tulipaka siagi. Jirani mmoja alisifu siagi. Mwingine akakubali kwamba ni siagi nzuri.

Saa ikagonga tisa. Hakuna aliyetafuna. Simu ilikaa pale na mgongo wake mweusi. Dakika tano. Kumi. Jytte alianza kukusanya makombo kwa kidole, moja moja, akiyapanga ukingoni mwa sahani.

Ndipo nilipotambua kwamba Bodil hajarudi kutoka ukumbini. Alisimama mlangoni, koti mkono mmoja, na mkono wa pili chupa.

"Hii ni nini?"

Preben akaangalia kikombe chake.

"Nimekuuliza wewe, we mzee. Nimelitundika koti likaanguka kwa uzito. Hii ni nini?"

"Unaona ni nini."

"Umeipata wapi?"

"Niliinunua." Akasogeza sahani yake. "Siku ya mkutano. Tulipotoka tu."

"Kwa nini?"

"Ili usije ukaitoa kwenye rafu kwa mkono wako mwenyewe. Nilidhani… Jytte alitufungulia."

"Aliwafungulia kina nani?"

Jytte akaacha makombo. "Wote, Bodil. Walipanga foleni. Nilisema moja kwa kila mtu, zisije zikagombewa. Mimi nina ya kumi na nne."

"Yangu iko chini ya ngazi," alisema jirani wa kwanza.

"Yangu kwenye kibanda cha boti," alisema wa pili. Mumewe akaitikia kwa kichwa, kwamba yake pia.

Bodil aliwatazama mmoja mmoja, kama siku ile ya mkutano, ila safari hii walimtazama.

"Nilidhani mmemtupa," akasema.

"Tumtupe Asger?" Preben alisimama. "Mimi niliyemfundisha kufunga kamba? Ulisema zote ni zote! Ulisema wewe! Tukajua umechoka, hutaki kumwona tena pale kila ukija kununua maziwa. Nani angekuuliza? Ungeulizwaje kitu kama hicho?"

"Kwa mdomo," Bodil alisema. "Ningeulizwa kwa mdomo."

Aliiweka chupa mezani, wima, akakaa. "Na mimi nimeshamwandikia kwa niaba yenu."

Saa kumi kasoro robo aliichukua simu, akanipa kitabu nimsomee namba. Iliita muda mrefu. Aliyepokea ni mke wa Lyle, Darlene, na katika chumba kile kimya sote tulisikia kila neno.

"Yuko bandani," Darlene alisema. "Hapana, hataki, mama. Nimeshamwambia ni leo. Anajua ni leo, hajalala."

"Mwambie ni Bodil, siyo duka."

Tulisikia hatua, mlango, mbwa. Kisha hatua zikirudi.

"Anasema yeye hakukaa nyuma. Asger hakukaa nyuma. Wale waliosema hivyo hakuwapigia kura wala hawajui, na hata angewapigia… anasema alidhani wewe ndiye mtu mmoja ambaye hangehitaji kuelezwa." Darlene alikuwa akilia. "Amebandua karatasi zote, mama. Chupa zote. Sufuria ameiuza wiki iliyopita."

Bodil alishukuru, akakata simu, akaiweka pale ilipokuwa. Kisha akainuka kuileta keki, maana wageni walikuwa hawajala keki. Alikata vipande saba vilivyolingana. Hatukuweza kukataa, tukala.

Jytte ndiye aliyesema, wakati wa kuondoka, tuifungue ile chupa. Bodil akaikumbatia kifuani.

"Hafungui mtu. Ataifungua yeye."

Siku sita baadaye alikuwa na tikiti ya ndege ya kwenda Kentucky. Mwanamke aliyekuwa ameapa hata kechapu yao haitagusa mdomo wake. Kisiwa kilimletea chupa zote zilizobaki, kila mtu na taulo au soksi yake aliyoifichia, naye akazikataa, akachukua ile ya Preben. Nyingine Jytte alizirudisha kwenye pengo, bila bei.

Asubuhi ya safari alipita dukani kunionyesha barua ya kuagiza maziwa, kwa kuwa zamu yake ya Jumatano ilikuwa imeniangukia mimi, na katika wiki zangu sita zilikuwa zimebaki mbili. Alivaa koti jipya. Alinifunga aproni yake mwenyewe, akakaza fundo.

"Ukijaza haradali pale nitajua," akasema.

Gatini palikuwa na watu kama sitini, kila mmoja na kibendera mkononi, kama wanavyofanya huku kwa mtu anayekwenda mbali. Kulikuwa na mzaha mwingi na hakuna aliyecheka sawasawa.

"Mpakani watakuuliza umebeba nini," Preben alimwambia.

"Nitawaambia ni jamu yao, nairudisha kwao."

"Na akikufungia mlango?"

"Nitakaa ngazini."

"Mpaka lini?"

"Preben." Alimshika shavu, jambo ambalo sijaliona likifanywa hadharani kisiwani pale kabla wala baadaye. "Yule ndiye aliyemshika mwanangu mkono. Nikimkosa yeye, mkono ule nao umekwenda. Sasa niache nipande."

Alipanda. Preben, kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, ndiye aliyeitupa kamba, ingawa kazi hiyo sasa ni ya mwingine. Kivuko kikarudi nyuma, kikageuka, maji yakachafuka meupe. Bodil alitokea juu, kwenye reli ya nyuma, mkoba umebanwa kwapani, na nilijua chupa imo ndani yake. Bendera zikapepea. Baridi ikanifanya niingize mikono kwenye aproni, na vidole vikagusa kitu.

Miwani.

Nilikimbia hadi mwisho wa gati nikiita jina lake, nikaiinua juu kabisa ya kichwa ili aione. Kulikuwa na viwanja vitatu vya ndege mbele yake, na fomu, na maandishi madogo, na namba ya nyumba kwenye barabara ya milimani asiyoijua. Upepo uliyarudisha maneno yangu mdomoni.

Aliniona. Akainua mkono, akanipungia, akiamini namuaga.